Mama Kalunde Amesafiri

Sauti yangu ilianza kufa wakati inasifiwa. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana huenda unayesoma hapa sauti yako inakwaruza tangu mwezi uliopita na watu wanakwambia imenoga. Kama ni wewe, weka haya chini uende hospitali kwanza. Habari yangu haina haraka, itakusubiri.

Mimi ni mtafsiri wa filamu. Wanaopanda mabasi ya mikoani wanatujua: filamu ya nje inachezwa, wahusika wanaongea lugha yao, na juu yao mtu mmoja anaongea Kiswahili kwa niaba ya wote, mama, mtoto, jambazi, hata farasi ikibidi. Jina langu la kazi ni DJ Sega. Chumba changu cha kurekodia kiko Kanyenye, hapa Tabora mjini, nyuma ya duka la vitenge, na kuta zake nimezibandika magodoro ya zamani ili kelele za nje zisiingie. Nilikuwa najisikia, sitaficha. Nikiingia mgahawani niliagiza chai kwa sauti kubwa kuliko chai inavyohitaji, ili watu wageuke.

Lugha za hizo filamu sizijui. Nasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Mengine nayafuata, mengine nayaacha yapite, mengine natunga. Lakini nilikuwa na kanuni moja. Kabla ya kushika maiki niliitazama filamu yote kimya, mwanzo hadi mwisho, nijue nani anakufa. Kisha nilihakikisha hafi.

Kanuni hiyo nilifundishwa na mama mmoja muuza mihogo ya kuchemsha. Zamani, kabla simu hazijawa na kila kitu, nilikuwa natafsiri papo kwa papo kwenye banda la video, nimekaa pembeni na maiki, watazamaji wako kwenye mabenchi. Mchana mmoja msichana wa kwenye filamu alifiwa na mama yake, nami nikakitafsiri kifo kile kwa ufundi wangu wote, na kilio cha kwikwi juu. Yule mama akasimama, akabeba beseni lake, akatoka. Kesho yake alirudi kunisema mbele za watu.

"Nimezika juzi," alisema. "Nimekuja hapa nipumzike, na wewe unanizikisha tena? Huna kazi nyingine?"

Tangu siku hiyo kwenye filamu zangu hakuna mama aliyekufa. Anaumwa kidogo. Amelala. Likionekana jeneza, basi mwenyewe amesafiri na wale ni watu wanaomsindikiza na mizigo yake.

Waliokuja bandani hawakuja kujifunza kitu. Walikuwa wapagazi wa sokoni, mafundi baiskeli, wanawake waliomaliza biashara ya asubuhi. Walitaka majumba ya kifalme, watu wanaopaa na mapanga, mapenzi kwenye theluji, mahali ambapo hakuna anayewajua wala kuwauliza jana walilalia nini. Wasomi walitucheka, wakasema tunawapotosha wananchi. Niliwajibu kwa dharau, lakini ukweli ni kwamba hata mimi sikujua kwa nini zinapendwa. Nilijua tu zinapendwa.

Sauti ilianza kukauka mwishoni mwa kiangazi, na nikasema ni vumbi. Wateja walifurahi. "DJ, umeongeza uzito!" walisema. "Siku hizi jambazi wako anatisha kweli." Basi nikawapa majambazi zaidi. Nilichagua filamu zenye wazee wakali na majitu, niitumie ile sauti kabla haijapona. Nilikunywa asali ya porini na tangawizi, nikanywa maji ya ndimu, nikaendelea kurekodi. Maembe yakaiva, yakaisha. Mke wangu Regina, ambaye namwita Mama Suzana kwa jina la binti yetu, ndiye pekee ambaye hakuipenda sauti ile. "Hiyo siyo yako, Baba Suzana," alisema. "Kuna mtu mwingine humo." Nilimwambia ana wivu na umaarufu wangu.

Wakati huo nilikuwa nimeshika filamu niliyoipenda kuliko zote. Ni ya nchi ya milima na theluji. Msichana anafuata msafara wa wachukuzi wa chumvi, kwa miguu, mwezi hadi mwezi, anamtafuta mama yake aliyeuzwa upande wa pili wa milima. Nilimpa jina Kalunde. Kambi zao nilizipa majina ya huku kwetu, na wachukuzi nikawapa utani wa Kinyamwezi, maana Tabora karibu kila ukoo una babu aliyebeba mzigo kwenda pwani, na hakuna haja ya kumweleza mtu wa hapa bega lililochubuka linaumaje. Sehemu ya kwanza inaishia Kalunde akiwa juu ya mlima, anaona moshi wa kijiji alipo mama yake. Ilitapakaa kila mahali. Sehemu ya pili nilikuwa nimeshaitazama kimya, kama kawaida yangu. Kalunde anashuka, anafika, anaonyeshwa kaburi.

Nilipoanza kuirekodi, sentensi ya tatu sauti ilikatika. Nikakohoa, nikaona damu kwenye leso. Nilizima mashine nikakaa kati ya magodoro yangu, nikiogopa kumwita Mama Suzana, halafu nikagundua kwamba hata nikitaka siwezi.

Hospitali ya hapa walinipitishia puani mpira mwembamba wenye kamera. Kabla ya kutazama walikuwa wananitania kuhusu filamu zangu. Baada ya kutazama waliacha utani, wakaniandikia barua ya kwenda Mwanza.

Suzana tulimwacha kwa shangazi yake Puge. Tulimwambia basi letu litapita asubuhi, asimame barabarani tumpungie. Tulipotoka tu stendi kondakta akawasha televisheni, na nani anaanza kuongea? Mimi. Kalunde sehemu ya kwanza, na sauti yangu, ile ya kabla ya vumbi, imejaa basi zima. Jirani yangu wa kiti akanigusa bega. "Huyu jamaa ana kipaji," alisema. Nikamwitikia kwa kichwa. Tulipofika Puge nikamwona mtoto wangu kando ya barabara na sare yake ya shule, anatafuta dirisha letu. Nilifungua kioo, nikafungua na mdomo nimwite. Hakikutoka kitu. Alikuwa anapungia dirisha ambalo si letu, na basi halikusimama, na nyuma yangu sauti yangu ilikuwa inaita, "Kalunde! Kalunde, ngoja!" Nimepita mengi baada ya hapo, lakini ukiniuliza siku mbaya kuliko zote nitakwambia ni hiyo ya Puge.

Mwanza walinikata kinyama kidogo kooni, tukasubiri majibu. Siku ya majibu daktari alimwita Mama Suzana peke yake, mimi nikaachwa nje kwenye kiti. Ndiyo desturi yetu, habari nzito hapewi mgonjwa, wanapewa wenye nguvu za kuibeba. Lakini mlango ule ulikuwa na kioo, na mimi kazi yangu ni midomo. Miaka yote nimepima mdomo wa mtu nisiyemwelewa umetembea kwa muda gani, ili maneno yangu yasizidi wala yasipungue. Mdomo wa daktari ulitembea muda mrefu. Ukasimama, akachora kitu kwa kidole shingoni mwake mwenyewe, ukatembea tena. Mke wangu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Alitoka akiwa ameshafuta uso. "Amesema utapona," aliniambia.

Maneno mawili! Kwa hotuba yote ile! Nilikasirika vibaya. Nilichukua daftari langu nikaandika hadi kalamu ikatoboa karatasi: AMEONGEA SANA. NIPE YOTE.

"Kwani wewe huwa unawapa watu yote?" aliuliza, machozi yakimtoka. "Kila siku mama za watu kwako wanasafiri. Mimi nimejaribu mara moja tu, imekuwa kosa?"

Watu walitugeukia. Mke wangu si mtu wa kusema kwa sauti hadharani, na nilijua nimemfikisha pabaya, lakini sikumwonea huruma siku ile. Niligonga daftari kwa kidole mpaka akanipa. Ni saratani, na iko pale sauti inapozaliwa. Nitapigwa mionzi wiki saba, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Ikikubali, nitabaki na sauti ya namna fulani. Ikikataa, watatoa sanduku lote la sauti, nipumulie tundu la shingoni, na nisiongee tena kama watu. Nisipofanya lolote nitakufa.

"Nilitaka siku mbili tu nizoee mimi kwanza," alisema. "Ndiyo maana nilikudanganya."

Baadaye nilielewa kilichonichoma. Watazamaji wangu nilikuwa nawadanganya masikio, lakini picha nilikuwa nawaachia. Mimi nilinyimwa picha.

Kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Urambo. Alisema hii si saratani, ni washindani wangu wameifunga sauti, nirudishwe mara moja nikafunguliwe. Akasema mtu wa ukoo wetu hawezi kuishi na tundu shingoni. Mama Suzana alimsikiliza hadi mwisho. "Shemeji, acha amalize mionzi, mtamfungua baadaye," alimwambia, akakata. Hadi leo wanasalimiana kwa shida, na kila sikukuu mimi niko katikati.

Kwa mnaoelekea huko, niseme kuhusu kinyago. Wanakulaza, wanakuwekea usoni wavu wa plastiki laini wa moto unaoganda kwa umbo lako, na kila siku wanakifunga hicho kinyago kwenye kitanda ili kichwa kisisogee hata kidogo. Kisha wote wanatoka chumbani. Siku ya kwanza nilidhani nitakufa mle kwa woga tu. Siku ya pili niligundua kwamba muda wa mashine unalingana na Kalunde kuvuka daraja la kamba, ile sehemu ya kwanza, kuanzia anapoligusa hadi mguu wa mwisho unapokanyaga ng'ambo. Nikawa naisema kichwani, maneno yote, ya kwake na ya wachukuzi. Nikimfikisha ng'ambo, mlango unafunguliwa. Tafuteni na ninyi daraja lenu.

Halafu kuna benchi la kusubiri. Baada ya wiki moja mnajuana pale kama abiria wa behewa moja, nani kapungua, nani leo hajaja na haulizwi. Siku ya tatu nilikaa karibu na mama mtu mzima kutoka Ziba, mwembamba, ana simu ya kupangusa mapajani na binti yake aitwaye Kabula ubavuni. Nilikaa tu. Alisubiri. Mwishowe akamwambia Kabula, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Siku hizi watu wa mjini wanakaa na wakubwa kama wamekaa na magunia."

Aibu niliyoiona! Tangu nipate akili sijampita mtu mzima bila kumwamkia. Nilishika koo, nikainama. Mama Suzana akawahi. "Shikamoo mama, utusamehe. Mwenzangu hana sauti, ndicho kilichotuleta."

"Marahaba." Akaitazama shingo yangu, uso ukalegea. "Pole, baba. Basi ukiipata utaniamkia. Nitasubiri."

Aliitwa Bi Nyamizi. Ugonjwa wake ulikuwa tumboni, na hakuupa nafasi kwenye mazungumzo. Habari yake ilikuwa Kalunde. Kila asubuhi Kabula alimwekea ile sehemu ya kwanza kwenye simu, akaiegemeza kwenye mkoba, na sauti yangu ikaanza kutoka pale benchini, wakati mimi mwenyewe niko kando natema mate kwenye kikopo kwa sababu kumeza ni vita.

Alinitukana sana bila kujua. "Huyu Sega hana adabu," alisema. "Katupandisha mlimani katuacha na baridi. Sehemu ya pili iko wapi? Kaanza kunenepa kasahau watu." Mama Suzana aliniangalia, nikamkataza kwa macho. Mtu aliyenijua na sauti yangu nzima, nilitaka abaki nayo hivyohivyo.

Wiki ya nne ndevu za shingoni zilidondoka. Ngozi ikawa nyeusi kama sufuria ya uji ulioungua, kisha ikachubuka. Ladha iliondoka, uji, chai, maji, vyote ni kama kulamba bati. Suruali nilifunga kwa kamba. Suzana alipiga simu kila alipotoka shule, na kwa kuwa sikuweza kusema tulipatana nigonge simu kwa ukucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. "Baba, umekula?" Niligonga mara moja. Aliuliza tena, "Umekula kweli?" Mtoto wa mtafsiri naye anajua kupima.

Mchana, kwenye chumba tulichopanga karibu na hospitali, nilitazama filamu kwenye simu bila sauti. Kujisikia mwenyewe sikuweza, na kumsikia mtafsiri mwingine wivu ungeniua kabla ya ugonjwa. Nilichagua zile zenye karamu, wafalme wanakula, bakuli zinatoa moshi, mtu anang'ata nyama bila kuogopa. Najua ni uongo, najua nyama nyingine pale ni ya kuchonga. Lakini kwa saa moja shingo ilikuwa ya mtu mwingine, na nilipozima simu ilinirudia na maumivu yake yote, hayakupungua hata kidogo. Hilo nalisema ili msidanganyike kwamba filamu ni dawa.

Wiki ya tano nilishindwa. Asubuhi moja niliandika: NARUDI TABORA. ACHA LINIUE, SITAKI TENA KINYAGO. Mama Suzana alisoma, akaanza kukunja nguo zetu kama kweli tunaondoka. Alipomaliza akasema, "Sawa. Ila twende ukamuage Bi Nyamizi. Ulikuja bila kuamkia, usiondoke bila kuaga."

Tulipofika benchini alimwegemea yule mama na kumwambia bila kunitazama, "Mama, huyu ndiye Sega. Na anataka kuacha dawa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Nyamizi alizima simu. Alitazama kikopo changu, kamba ya suruali, shingo.

"Ndiye wewe unayesema wafu wamesafiri?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Unadhani tulikuwa hatuoni? Picha inaonyesha kaburi, watu wamevaa nguo za msiba, wanalia mpaka wanaanguka. Wewe unasema amesafiri, wanamsindikiza. Mimi kipofu?"

Niliandika, Mama Suzana akamsomea: "Anauliza, kama mlijua, kwa nini mliendelea kutazama?"

"Kufa tunakuona kila siku, baba. Macho yameshazoea. Masikio ndiyo yanachoka. Kutwa ni pole, pole, kazi ya Mungu haina makosa. Wewe ulikuwa unatupa kitu kingine cha kusikia, na kaburi tunaliona palepale." Akavuta pumzi, maana hotuba ndefu zilimchosha. "Hiyo sehemu ya pili, unayo?"

Niliitikia.

"Basi huondoki. Jina lako likiitwa, ingia."

Nilipoitwa niliingia. Msidhani nilikuwa shujaa. Niliogopa kumkatalia mtu mzima, basi, na siku iliyofuata niliingia tena kwa sababu hiyohiyo.

Yeye walimaliza naye kabla yangu. Kabula alituambia mama amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani, akapumzike. Niliutazama mdomo wake unavyolisema lile neno ruhusa, nikaelewa. Bi Nyamizi alinipa mkono wake mkavu na mwepesi, akasema, "Usichelewe."

Nilimaliza mionzi mvua zikiwa bado zinanyesha. Nyumbani niliendelea kuungua kwa wiki kadhaa, maana mashine huzimwa lakini moto hubaki. Kitu cha kwanza kupita kooni bila kunitoa machozi kilikuwa mlenda wa mke wangu, umeteleza wenyewe hadi chini. Nililia nilipoumeza. Yeye akageuka kutazama jiko.

Kiangazi walinipitishia kamera tena. Safari hii niliandika kabla: TUINGIE WOTE. Daktari alisema panaonekana safi kwa sasa, na kwamba neno "kwa sasa" tulizoee. Nitarudi kila baada ya miezi michache kwa miaka kadhaa. Kila tarehe ikikaribia silali vizuri, na Mama Suzana hunyamaza siku tatu nzima, kisha hunigombeza kwa jambo dogo kama kiatu kilichowekwa vibaya. Tumezoea. Hatujaacha kuogopa.

Sauti ilirudi vipandevipande. Si ile. Hii ni ya mlango wa bati unaofunguliwa taratibu, na ikitumika kwa muda mfupi inakata. Nilirudi kwenye magodoro yangu nikaanza kumrekodi Kalunde, sentensi kumi kwa siku, siku nyingine nne. Msichana wa miaka kumi na sita anaongea kama mzee mvuta kiko. Watu wa Kanyenye niliowasikilizisha walijikaza wasicheke. Nilipofika kaburini nilisimamisha mashine nikafikiria sana. Kisha nikasema kwa sauti hiyo niliyobaki nayo: "Kalunde, mwanangu, mama yako amesafiri. Hawa wote wamemsindikiza." Bi Nyamizi ataliona kaburi mwenyewe, niliwaza.

Kadi ya kumbukumbu yenye filamu nilimpa kondakta wa basi linalopita Ziba. Maembe mapya yalikuwa yameanza kuiva. Siku ya pili yake, mchana, Kabula alipiga.

"Imefika, kaka, asante," alisema. "Nimemwekea mama. Ila macho yake yaliacha kuona mwezi uliopita. Anasikiliza tu. Anataka kuongea na wewe."

Nikasikia simu inasogezwa, na pumzi fupi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Nani huyo anakwaruza?"

"Ni mimi. Sega."

"Ooh. Umeniamkia." Akapumua. "Sauti mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Nimesikia hapa unasema Mama Kalunde amesafiri. Sasa mimi picha siioni. Nikimuuliza Kabula analia tu. Niambie wewe. Kwenye picha kuna nini?"

Mama Suzana alikuwa mlangoni anachambua mboga, akaacha mikono hewani. Ningeweza kusema kuna barabara, kuna mizigo, kuna watu wanapunga mikono. Maneno yalishafika kinywani, maana ndiyo kazi yangu. Nikaukumbuka mlango wa kioo.

"Kuna kaburi, mama," nilisema. "Ni dogo, lina mawe juu. Kalunde amepiga magoti. Ametoa chumvi kwenye mzigo wake, ameiweka kidogo juu ya jiwe."

Nyuma yake niliisikia sauti yangu mpya ikiendelea kukwaruza, na Kabula akivuta kamasi.

"Haya, nimeliona," alisema. Kisha, mbali kidogo na simu: "Kabula, rudisha nyuma. Niwekee pale anaposafiri."